Aleji za chakula zinazojificha: maswali mnayouliza kila siku

Nimeyaweka maswali sehemu moja kwa sababu yanarudi yaleyale, kwenye meseji, kwenye magrupu ya wazazi, hata mtu tukikaa naye meza moja akishasikia mwanangu ana aleji ya maziwa na korosho basi maswali yanaanza. Mimi sio daktari. Dozi na vipimo vyako malizana na daktari wako, hapa ni yale ambayo mtu mwenye aleji au anayeishi na mwenye aleji anatakiwa awe nayo kichwani kabla kitu hakijaingia mdomoni.

Aleji ya chakula ni nini hasa? Si ndo ile chakula kinakukataa tu?

Hapana, na kuchanganya hivi vitu ndo kunaleta balaa. Aleji ni kinga ya mwili imeiona protini fulani ya chakula kama adui, ikatengeneza askari wake wanaoitwa IgE, na hao wanakaa juu ya seli zilizojaa histamini wakisubiri. Ukila tena, seli zinamwaga kila kitu kwa mpigo, ngozi inavimba, mirija ya hewa inabana, presha inashuka. Tumbo kukataa maziwa kwa sababu ya laktosi ni kitu kingine kabisa, hapo mwili umekosa kimeng'enya cha kusaga ile sukari, utajaa gesi na kuharisha lakini hutakufa. Na ugonjwa wa siliaki nao ni mwingine, gluteni, protini ya ngano na nafaka kama shayiri, inaharibu utumbo taratibu.

Kwanini nasisitiza? Kwa sababu kuna watu wema kabisa wanamletea mtoto mwenye aleji ya maziwa pakiti ya maziwa "yasiyo na laktosi" wakidhani wamemsaidia. Laktosi imetolewa, protini zote zimo. Na maziwa ya mbuzi usijaribu kama mbadala, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, wengi sana wenye aleji ya moja wanapata na ya lingine.

Mbona nimekula hicho kitu miaka yote bila shida?

Mwili hauwezi kuwa na aleji na kitu ambacho haujawahi kukutana nacho, kwanza unakutana nacho, unajiandaa kimyakimya, alafu siku nyingine ndo unalipuka. Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, waliliona hili mwanzoni mwa miaka ya 1900 walipokuwa wanawachoma mbwa sumu ya kiumbe wa baharini: mbwa aliyeivumilia dozi ya kwanza, alipochomwa tena wiki tatu baadaye alikufa ndani ya nusu saa. Richet akapewa Nobel mwaka 1913. Kwahiyo "nilikula mwezi uliopita na sikupata kitu" sio ushahidi wa chochote. Na aleji inaweza kuanza ukubwani, hasa ya kamba wa baharini na kaa.

Vyakula gani ndo vinasumbua zaidi?

Maziwa, mayai, karanga, jamii ya korosho na lozi, samaki, kamba na kaa, soya, ngano, ufuta. Hivyo tisa ndo Marekani inalazimisha viandikwe kwenye lebo, ufuta uliongezwa kwa sheria ya 2021 ikaanza kazi Januari 2023. Umoja wa Ulaya wana 14, wameongeza haradali, seleri, lupini (mbegu za jamii ya kunde), konokono na ngisi na wenzao, na salfaiti, kemikali za kuhifadhi chakula. Lakini mtu anaweza kuwa na aleji ya kitu chochote chenye protini, kiwi, ndizi, mbaazi, kwahiyo usimcheke anayesema hali kitunguu saumu.

Sasa hivyo vitu vinajificha wapi?

Hapa ndo pa kukaa kidogo.

Maziwa ndo bingwa. Yapo kwenye soseji na nyama za kusindika kwa sababu kaseini, protini ya maziwa, inasaidia kushikanisha nyama, yapo kwenye chipsi za pakiti zenye ladha ya jibini au vitunguu, supu za unga, mikate, baadhi ya margarini, mpaka baadhi ya samaki wa kopo. Chokoleti nyeusi watu wanaiamini sana kwamba haina maziwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipima baa 94 za chokoleti nyeusi, sita tu ndo zilikuwa zimetaja maziwa kama kiungo. Kwenye 88 zilizobaki, 51 zilikutwa na maziwa. Kisa ni kwamba mashine ileile inapitisha chokoleti ya maziwa kisha nyeusi, na chokoleti huwezi kuosha mashine yake kwa maji kila saa.

Mayai yako kwenye mayonizi, hiyo wengi wanajua, ila yako pia kwenye tambi, kwenye ule mng'ao juu ya mkate na keki, na kwenye baadhi ya majibini magumu kupitia kitu kinaitwa lisozaimu, namba yake kwenye lebo ni E1105. Vile vijiti vya kaa, ambavyo ukweli havina kaa au vina kaa kidogo sana, ni nyama ya samaki iliyosagwa ikachanganywa na ute wa yai na wanga wa ngano, yaani kitu kimoja kinawabeba watu wa aleji tatu tofauti.

Karanga zinawekwa kuzidisha uzito wa sosi, na unga wake ukipata mtu asiye mwaminifu unachanganywa kwenye viungo vya unga ili vionekane vingi. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 bidhaa nyingi sana zilirudishwa kutoka madukani Marekani kwa sababu bizari nyembamba ya kusaga ilikutwa na protini ya karanga. Nani angefikiria kuogopa bizari? Pesto, sosi ya kijani ya tambi, wengi wanaweka korosho siku hizi kwa sababu ni rahisi kuliko zile mbegu za msonobari zinazotakiwa. Samaki yupo kwenye sosi nyeusi ya Worcestershire. Haradali ipo kwenye sosi nyingi za saladi. Unga wa lupini unawekwa kwenye mikate isiyo na gluteni, na lupini ni ndugu wa karanga, mwenye aleji ya karanga anaweza kuwaka nao.

Na ufuta. Mwaka 2016 binti Mwingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate wa sandwichi ambao ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga, hauonekani kwa macho, na wakati ule sheria ya Uingereza haikulazimisha chakula kilichofungwa palepale dukani kiandikwe viungo vyote. Sheria iliyopewa jina lake ilianza Oktoba 2021. Upande wa Marekani sheria ya ufuta ilileta kituko: baadhi ya viwanda vya mikate vikaona kusafisha mashine ni kazi kubwa, vikaamua kuweka ufuta makusudi kidogo kwenye mkate ambao haukuwa nao ili waandike tu "una ufuta" wamalizane. Kisheria wako sawa. Kwa mtu mwenye aleji, mkate aliokuwa anakula miaka yote ndo umeondoka.

Lebo naisomaje? Maandishi ni madogo na majina siyaelewi

Chukua pakiti ya biskuti, igeuze. Usianze na ile picha ya mbele wala maneno makubwa ya "asilia", nenda kwenye orodha ya viungo. Ulaya wanalazimishwa kukoleza wino au kubadilisha mwandiko kwenye kila aleji, kwengine inawekwa sentensi chini inayoanza na "ina", na kwengine hakuna lolote, unasoma neno kwa neno. Maziwa yataandikwa kaseini, kaseineti, laktalbumini, au whey, ambayo ni yale maji yanayobaki jibini likigandishwa. Yai litaandikwa albumini au ovalbumini. Ngano itaitwa semolina, durumu, spelta, seitani. Ukikuta "ladha" au "viungo mchanganyiko" bila ufafanuzi na nchi hiyo haina sheria kali, hapo hujajibiwa.

Alafu soma tena kila ukinunua. KILA ukinunua. Kampuni inabadilisha mchanganyiko bila kubadilisha rangi ya pakiti, na saizi ndogo ya bidhaa ileile inaweza kuwa imetengenezwa kiwanda kingine chenye mashine nyingine. Mimi nasoma mara tatu, dukani, nikiwa napanga kabatini, na kabla ya kufungua, wanangu wananicheka ila ndo utaratibu wa nyumba.

"Inaweza kuwa na chembechembe za karanga", nile au nisile?

Usile. Najua inaudhi maana nusu ya duka imeandikwa hivyo, lakini nchi nyingi maneno hayo ni hiari ya kampuni na hayapimi ukubwa wa hatari, "inaweza kuwa na" na "imetengenezwa kiwanda kinachotumia" hakuna iliyo nyepesi kuliko mwenzake. Na kibaya zaidi ni upande wa pili: kwa kuwa ni hiari, pakiti isiyo na onyo lolote sio kwamba ni salama, inawezekana tu hawakujisumbua kuandika. Ukitaka uhakika wapigie au waandikie, uliza mashine ni ya peke yake au wanashea.

Kiasi gani kinatosha kumdhuru mtu?

Inategemea mtu na siku. Punje moja ya karanga ina protini kama miligramu 250 hadi 300. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, walipokaa kutafuta kiwango cha kuzingatia kwenye lebo walikuja na miligramu 2 za protini kwa karanga, maziwa, yai na ufuta, na hata kwenye hizo 2 kuna asilimia ndogo ya wenye aleji watakaoonyesha dalili, wengi zikiwa nyepesi. Miligramu 2 ni chini ya sehemu moja ya mia ya punje. Huioni, huionji.

Na kusema siku namaanisha hivi: umelala vibaya, una homa, umekunywa pombe, umemeza aspirini au ibuprofeni, umekimbia mara tu baada ya kula, hapo kile kiasi ambacho wiki iliyopita kilikupa vipele viwili mdomoni kinaweza kukulaza chini. Kwahiyo reaksheni ndogo iliyopita haikuahidi kwamba inayofuata nayo itakuwa ndogo.

Nikipika sana si protini inakufa?

Ya karanga haifi, kukaanga kavu ndo kunaifanya iwe kali zaidi. Ya kamba na ya samaki nayo inavumilia moto vizuri tu. Maziwa na mayai ni tofauti kidogo, watoto wengi wenye aleji hizo wanaweza kula keki au mafini iliyookwa muda mrefu na isiwe shida, ila hilo linajaribiwa hospitali chini ya daktari, sio jikoni kwako jumapili jioni.

Chakula kimeandikwa "vegan", si maana yake hakina maziwa wala yai?

Maana yake mtengenezaji hakukusudia kuweka kitu cha mnyama. Ni neno la mtindo wa kula, sio ahadi ya aleji, mashine inaweza kuwa imetoka kupitisha jibini asubuhi hiyohiyo. Alafu vyakula vya vegan vinapenda kurudishia protini kwa korosho, soya, lupini na njegere, kwahiyo anayekimbia maziwa anaweza kuangukia korosho. Kwetu ambao tuna vyote viwili, hilo shelfu tunapita kwa adabu.

Mgahawani niulize nini?

Usiulize "kuna karanga?" maana mhudumu mwenye haraka atakujibu "hamna" huku akimaanisha haoni karanga juu ya sahani. Uliza maswali ambayo hayajibiki kwa neno moja: hii sosi imetengenezwa na nini, haya mafuta ya chipsi yamekaanga nini kingine leo, ubao mnaokatia nyama ndo mnaokatia na nini. Omba aulizwe anayepika mwenyewe. Jibu la "sidhani" mimi nalihesabu kuwa sio salama, naagiza kitu kingine au nanywa soda.

Mafuta ya kukaangia ndo mtego mkubwa kuliko yote. Viazi vyenyewe havina kitu, ila vimezama kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kamba waliopakwa unga wa ngano na yai, basi sahani ya viazi inakuja na aleji tatu. Pili ni aiskrimu. Simama pale kwenye kioo uangalie kijiko: kinachota pistashio, kinatumbukizwa kwenye kikopo cha maji yaliyoshakuwa meupe kama uji, kinatikiswa mara moja, kinaingia kwenye vanila. Ukiinama utaona kabisa mstari wa kijani pembeni ya ndoo ya vanila. Ukiomba wafungue ndoo mpya na watumie kijiko safi wengine watakubali, wengine watakukunjia uso, wewe usione aibu.

Bufee sisi hatuli. Vijiko vinahama sahani kila dakika.

Harufu tu, kugusa, au busu, vinaweza kuleta shida?

Harufu ya siagi ya karanga peke yake haibebi protini ya kutosha, watafiti waliwaweka watoto wenye aleji kali karibu nayo na hakuna aliyepata reaksheni ya mwili mzima. Mvuke wa samaki au kamba wanaochemka ni kesi nyingine, ule unabeba protini hewani na umeshawapeleka watu hospitali, hasa wenye pumu. Kugusa mara nyingi kunaleta upele palepale, hatari ni mtoto kupeleka mkono mdomoni au machoni.

Kunawa: sabuni na maji au wipesi. Sanitaiza HAITOI protini ya karanga mkononi, inaisambaza tu, hili waalimu wengi hawalijui.

Busu lipo kabisa. Protini inakaa kwenye mate, kupiga mswaki hakutoshi, inatakiwa zipite saa kadhaa na mwenzako ale mlo mwingine usio na hicho kitu. Vijana wenye aleji waambieni wapenzi wenu, ni maongezi ya dakika mbili.

Nilipata reaksheni kali lakini kwenye chakula hakukuwa na hata kimoja kati ya hivyo

Inatokea, na sababu nyingine ni za ajabu kweli. Unga uliokaa kabatini muda mrefu sehemu yenye joto na unyevu unaweza kuingiwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, walewale wa vumbi la godoro, mtu mwenye aleji ya vumbi akila kilichopikwa na unga huo anabanwa kifua na moto wa kupikia hausaidii. Madaktari wanalijua hilo kama ugonjwa wa pankeki. Dawa yake unga ufungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa na ukae kwenye friji.

Kuna mtu anadhani ana aleji ya samaki kumbe ni ya mnyoo anayeitwa Anisakis anayeishi ndani ya samaki, na kuna ambaye hana aleji kabisa, samaki kama jodari amekaa nje ya barafu akatengeneza histamini nyingi, na kila aliyekula mezani ameiva uso. Hicho ni kidokezo, mkiumwa wote shukuni samaki mwenyewe.

Nyama nyekundu nayo: kuumwa na aina fulani za kupe kunaweza kuuzoesha mwili kuchukia sukari iitwayo alfa-gali iliyomo kwenye ng'ombe, nguruwe na kondoo, na reaksheni inakuja saa mbili hadi sita baada ya kula, mtu anaamka usiku wa manane amevimba na hakumbuki hata alikula nini. Watu hawa jelatini kwenye pipi na vidonge vya kapsuli nayo inaweza kuwasumbua. Rangi nyekundu ya E120 inatokana na mdudu, ipo kwenye yogati, pipi na lipstiki. Na wapo ambao ngano haiwafanyi kitu mpaka wakimbie au wafanye mazoezi baada ya kuila. Ikikukuta hivi andika kila kitu ulichokula, kunywa, kumeza na kufanya saa sita kabla, umpelekee daktari bingwa wa aleji.

Na dawa, vipodozi?

Angalia pia. Inhela za unga zinabebwa na laktosi ambayo inaweza kuwa na mabaki ya protini ya maziwa, baadhi ya dawa za meno zina kaseini, krimu na mafuta ya ngozi yana lozi, ufuta au karanga, na karanga huko huandikwa arachis. Mwambie mfamasia kila mara. Chanjo ya mafua ambayo watu wenye aleji ya yai walikuwa wanaiogopa, sasa hivi wataalamu wanasema wachome tu.

Nitajuaje kwamba hii ni reaksheni kali na sio vipele tu?

Anafilaksia, ndo jina lake, kwa kawaida inaanza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili. Vipele au kuwashwa peke yake sio anafilaksia. Ila vipele pamoja na kutapika, au pamoja na kukohoa na kifua kupiga miluzi, au sauti imekwaruza ghafla, ulimi umevimba, anashindwa kumeza mate, amepauka, anaona kizunguzungu, hiyo tayari. Watoto wadogo hawawezi kueleza, wanakwaruza ulimi kwa meno, wanavuta masikio, wanalegea ghafla au wanang'ang'ania kubebwa. Wakubwa wengi wanasema "nahisi kuna kitu kibaya kinakuja", mwamini.

Na usisubiri vipele. Karibu mtu mmoja kati ya kumi mpaka wawili kati ya kumi hawapati kitu chochote kwenye ngozi. Kama amekula kitu anachojulikana ana aleji nacho na ghafla hapumui vizuri au anazirai, usitafute uthibitisho zaidi.

Nifanye nini hapohapo?

Adrenalini kwanza. Kabla ya simu, kabla ya maji, kabla ya kumpigia mama yake. Inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati, hata juu ya suruali ila kwepa mfuko wenye simu na mshono mnene. Kama ni kalamu, yaani sindano ya adrenalini iliyojazwa dozi tayari, toa kifuniko cha usalama, bana mguu usicheze, sukuma kwa nguvu mpaka isikike, shikilia kama maelekezo ya kalamu yako yanavyosema, nyingi ni sekunde tatu mpaka kumi. Kalamu za 0.15 mg ni za watoto wadogo na za 0.3 mg kuanzia kama kilo 25 au 30 kwenda juu, daktari ndo anaamua. Usiweke kidole gumba juu ya ncha yoyote, watu wamejichoma vidole kwa kushika kalamu kichwa chini.

Ndo upige simu ya dharura, sema neno anafilaksia. Mlaze chali miguu ikiwa juu. Kama anashindwa kupumua akae, miguu bado imenyooshwa, mjamzito alale ubavu wa kushoto, anayetapika ubavu. ASISIMAME, hata akisema amepata nafuu anataka kwenda chooni, presha ikiwa chini kusimama ghafla kumeua watu. Dakika 5 mpaka 15 zikipita bila nafuu choma ya pili, ndo maana unabeba mbili sio moja. Mwenye pumu inhela yake inafuata BAADA ya adrenalini.

Si nimpe kwanza setirizini nione inaendaje?

Hapana hapana hapana. Dawa za kuwashwa zinatuliza ngozi, hazifungui koo, hazipandishi presha, na zinachukua kama nusu saa au zaidi kuanza kazi. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2000 ulioangalia vifo vya anafilaksia, waliofariki kwa chakula nusu yao moyo au pumzi ilisimama ndani ya dakika 30. Piga hesabu mwenyewe. Kibaya zaidi vipele vinapotea mtoto anaonekana mzuri, kumbe kifua kinazidi kuziba.

Adrenalini si inaweza kusimamisha moyo?

Moyo utadunda kwa kasi, mikono itatetemeka, mtoto atakuwa mweupe na mwenye hofu kwa dakika kadhaa, inapita. Kwa dozi hii ya msuli, mtu mwenye afya akichomwa bila kuhitaji atapata hayo tu, akikosa wakati anahitaji hakuna cha kurudisha. Wazee na wagonjwa wa moyo nao wanachomwa, anayetumia dawa za presha aina ya beta bloka ajue zinaweza kufanya adrenalini isimshike vizuri, azungumze na daktari mapema.

Kalamu hizo kwetu haziuzwi

Nchi nyingi haziuzwi kweli. Adrenalini yenyewe iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, kwahiyo kichupa cha 1 mg kwa mililita ulizia kituo cha afya. Kuna madaktari wanaomfundisha mgonjwa au mzazi kuvuta dozi kwa sirinji, hesabu ni 0.01 mg kwa kila kilo isizidi 0.5 mg kwa mtu mzima, ila hilo lifundishwe ana kwa ana mpaka mkono uzoee, usilijaribu kwa kusoma hapa. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha ya kupuliza puani pia. Yoyote uliyonayo isikae kwenye gari juani wala kwenye friza, na angalia tarehe.

Amepata nafuu, bado twende hospitali?

Mwende. Dalili zinaweza kurudi bila kula kitu tena, nyingi ndani ya saa 12 ingawa imeshaonekana mpaka saa 72. Wanamkalisha kwa saa kadhaa wakimwangalia, wanaweza kumpima kwenye damu kitu kinachoitwa triptesi kuthibitisha.

Nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi?

Mwenye pumu isiyodhibitiwa, na vijana wa sekondari mpaka miaka ya ishirini na kitu, hao wanaona aibu kuuliza na wanaacha kalamu nyumbani kwa sababu haikai mfukoni vizuri. Kama una kijana mwenye pumu, shughulikia pumu yake kabla hujahangaika na kitu kingine.

Vipimo vya damu vya vyakula 200 vinavyotangazwa mitandaoni vinafaa?

Hivyo vingi vinapima IgG, askari wa kinga wa aina nyingine tofauti na IgE, ambayo inaonyesha tu umewahi kula hicho chakula. Kaa na hela yako. Kipimo cha kuchoma ngozi na cha IgE vina maana ila navyo vinahitaji historia yako, mtu anaweza kuonyesha chanya na anakula bila tatizo. Jibu la mwisho ni kulishwa kidogokidogo mbele ya daktari.

Itaisha akikua?

Ya maziwa, yai, ngano na soya watoto wengi huwa inawaachia. Karanga, korosho, samaki na kamba wengi wanabaki nayo. Kuna matibabu ya kumzoesha mtoto kwa dozi ndogondogo za karanga, na sindano ya omalizumabu iliyoidhinishwa Marekani Februari 2024 kwa aleji za chakula, zote zinapunguza hatari ya kula kwa bahati mbaya, hazimpi mtu ruhusa ya kula anachotaka. Kwa watoto wachanga wenye ukurutu mkali au aleji ya yai, utafiti wa LEAP wa 2015 ulionyesha kwamba kuanza karanga mapema, kati ya miezi 4 na 11, kulipunguza aleji ya karanga kwa takriban asilimia 80, ila hao wanapimwa kwanza, na mtoto mdogo hapewi punje nzima, itamkaba.

Mwanangu amealikwa kulala kwa rafiki yake, namkatalia?

Mimi simkatalii. Namfungia chakula chake na kipande chake cha keki, nakaa na mama mwenye nyumba kama dakika kumi namwonyesha kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, namwachia aichome kwenye paja lake mwenyewe mara kadhaa. Karatasi moja inabandikwa mlangoni mwa friji: picha ya mtoto, asichokula, dalili, hatua, namba zangu mbili. Kalamu zote mbili zinakaa kwenye kipochi kimoja juu ya kabati la jikoni, sio ndani ya begi lililofungiwa chumbani, na namwambia yule mama neno kwa neno: ukisita, choma, alafu nipigie, sitakulaumu kwa kumchoma bure.

Akiwa mkubwa kidogo kipochi anabeba mwenyewe. Wa kwangu tayari anamuuliza mwenye nyumba "mafuta haya yamekaanga nini" kabla hata hajavua viatu.